Kuunga Wajihi

Kwenye sinia la tambuu, pembeni ya popoo, chokaa na tumbaku, watu wa pwani huweka kipande cha katu. Ni maji ya mti yaliyochemshwa mpaka yakaganda, rangi yake damu ya mzee, na ukiitafuna inabana ulimi na kukausha kinywa. Mwaka 1793, nje ya mji wa Pune katika Bara Hindi, katu ililainishwa kwa maji, ikapakwa kwenye vitambaa, na vitambaa vikabandikwa usoni mwa mwanamume mmoja ili pua yake mpya ishike.

Mwanamume huyo aliitwa Cowasjee. Kazi yake ilikuwa kuswaga maksai wa jeshi la Waingereza katika vita vyao na Tipu Sultan wa Mysore. Mwaka 1792 watu wa Tipu walimteka, wakamkata pua na mkono mmoja, kisha wakamwachia aende zake. Kumwachia kulikuwa sehemu ya adhabu. Aliyekatwa kichwa anazikwa na habari yake inakwisha, lakini aliyekatwa pua anatembea sokoni, na kila anayemwona anasoma tangazo. Wazinzi, wezi, wasaliti na mateka walikatwa pua katika nchi nyingi za Asia kwa karne nyingi. Huko Kirtipur, katika bonde la Kathmandu, jeshi la mfalme Prithvi Narayan Shah liliuteka mji katika miaka ya 1760 baada ya kushindwa mara kadhaa, na wakazi wakakatwa pua kwa mamia kulipia ukaidi wao.

Waswahili wana methali, kata pua uunge wajihi. Husemwa pale mtu anapokubali hasara ya kitu kilicho karibu naye kabisa ili heshima isalie. Ndani ya neno wajihi mna mambo mawili kwa pamoja, sura na hadhi, na waliokuwa wakikata pua za wenzao walijua vema kwamba kisu kimoja kinafikia yote mawili.

Cowasjee alikaa mwaka mzima bila pua. Kisha yeye na wenzake wachache waliopatwa na mkasa huohuo wakapelekwa kwa fundi mmoja wa Kimaratha. Nasema fundi kwa makusudi, maana hakuwa daktari kwa maana tuliyoizoea. Alitoka katika tabaka la wafyatua matofali. Kazi yake walikuja kuitazama madaktari wawili wa Kiingereza kutoka Bombay, Thomas Cruso na James Findlay, na maelezo yake yakachapishwa kwa njia ya barua katika jarida la Gentleman's Magazine la London, Oktoba 1794.

Fundi alichukua nta, akaifinyanga juu ya shimo mpaka ikawa na umbo la pua. Akaibandua, akaitandaza iwe bapa, akailaza juu ya paji la uso na kuizungushia alama. Kwa wembe akakata ngozi kufuata alama ile na kuiambua kutoka juu kushuka chini, lakini akaacha ukanda mwembamba katikati ya nyusi usikatwe. Ukanda huo ndio uliopitisha damu. Akachubua makovu yaliyozunguka lile shimo, akachimba mfereji mdogo pembeni, akaipindua ngozi ya paji na kuchomeka kingo zake ndani ya mfereji. Sindano haikutumika. Vitambaa vitano au sita vya katu, kimoja juu ya kingine, ndivyo vilivyoshika mahali pa mshono kwa siku nne, kisha vikaondolewa na kuwekwa vingine vilivyochovywa kwenye samli. Mgonjwa alilala chali siku tano au sita. Siku ya kumi akatiwa vitambaa laini kwenye mianzi ya pua isijifunge. Siku ya 25 hivi, ule ukanda wa kati ya nyusi ukakatwa, pua ikawa ya mwenyewe.

Fundi huyo hakubuni kazi hii. Karne nyingi kabla yake, kitabu cha tiba cha Kihindi kinachoitwa Sushruta Samhita kilikwisha kueleza namna ya kuunda pua: chukua jani la mti lenye ukubwa wa sehemu iliyopotea, pima nalo, kata nyama ya shavu kwa kipimo hicho, iunganishe haraka, tia mirija miwili ya mbarika kwenye mianzi ili mgonjwa apumue, funika kwa pamba na kunyunyizia mafuta ya ufuta. Mwenye kuandika haya alikuwa na wembe, jani, mti wa mbarika na mafuta ya jikoni. Kwa hesabu za leo tungeiita zahanati isiyo na vifaa.

Ulaya nako kulikuwa na njia yao. Katika kisiwa cha Sicily, ukoo wa Branca uliunda pua katika karne ya 15, na mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi wa Bologna akachapisha kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Yeye alichukua ngozi ya mkono wa juu, na mgonjwa alifungwa mkono kichwani kwa wiki kadhaa mpaka ngozi ishike puani. Baada yake kazi hiyo ilififia. Ile barua ya 1794 ndiyo iliyoamsha waliolala. Joseph Carpue, mpasuaji wa London, alijizoeza kwa maiti, akasubiri karibu miaka 20 apate mgonjwa anayefaa, na tarehe 23 Oktoba 1814 akamfanyia ofisa mmoja wa jeshi ambaye pua yake ilikuwa imeharibiwa na dawa ya zebaki. Dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana bado. Carpue akatoa kitabu mwaka 1816, Carl Ferdinand von Graefe wa Berlin akafuata na chake mwaka 1818, na njia ya Kihindi ikawa elimu ya vyuo vikuu vya Ulaya. Jina la mfyatua matofali halimo katika barua ile. La mswaga maksai limo.

Mahali ambapo kazi hii ilifanywa kwa wingi katika karne ya 19 hapakuwa London wala Berlin. Palikuwa Junagadh, dola dogo katika rasi ya Kathiawar, kusini kidogo ya Kutch. Wahindi wengi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wana asili yao pande hizo. Katika miaka ya 1880 nchi ile ilisumbuliwa na mwasi aliyeitwa Kadu Makrani, Mbaluchi aliyekataa amri za nawabu, mtawala wa dola hilo, na kukimbilia msituni na watu wake. Waliompinga au kumfichua aliwakata pua. Katika mji wa Junagadh alikuwapo mganga mkuu wa dola, Tribhovandas Motichand Shah, ambaye milango ya hospitali yake ilianza kubishwa na watu waliojifunika nyuso kwa vilemba. Mwaka 1889 alichapisha taarifa ya wagonjwa 100 aliowaundia pua katika muda wa miaka minne tu. Huko Kathiawar ukabaki msemo kwamba Kadu anakata na Tribhovan anaunga. Kadu mwenyewe alinyongwa Karachi mwaka 1887, lakini wagonjwa waliendelea kuja.

Lakini pua hizi za paji la uso zilikuwa na kasoro ambayo wote walioziunda waliiona, na wachache waliisema kwa sauti. Miezi ilipopita, zilinywea.

Anayetaka kujua sababu na aitazame nyumba ya kukandika. Ukuta wake una fito zilizofungwa kwa kamba, umekandikwa udongo kwa nje, na umekandikwa kwa ndani. Ukiondoa fito, udongo unaporomoka. Ukiacha kukandika kwa ndani, mvua na mchwa watakushinda. Pua imejengwa vivyo hivyo. Kwa nje ina ngozi. Kwa ndani ina utando laini wenye unyevu. Katikati ina mfupa kwenye mwamba wa juu, na kuanzia hapo kushuka chini ina gegedu, ule mfupa laini unaolia ukitafuna mbavu za mbuzi. Fundi wa Pune alikuwa anatengeneza udongo wa nje tu. Ngozi ya paji haikuwa na fito za kuisimamisha, na upande wake wa ndani ulikuwa kidonda kibichi. Kidonda kikipona kinakuwa kovu, na kovu hujikunja.

Kukandika kwa ndani ndiko kulikoshughulikiwa kwanza. Denis Keegan, mpasuaji aliyefanya kazi Indore, mji mwingine wa India wenye pua nyingi zilizokatwa, aligeuza ngozi iliyobaki juu ya mwamba wa pua ikatazama ndani, kisha akaifunika kwa ngozi ya paji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1900. Pua zikawa na bitana.

Fito zilichelewa. Watu walijaribu kila kitu kigumu walichoweza kukishika: dhahabu, fedha, pembe ya ndovu. Mwili ulivisukuma nje kama unavyosukuma mwiba. Mwishoni mwa karne ya 19, Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga mafuta mazito ya namna ya vaselini chini ya ngozi, na kwa muda watu wakashangilia. Pua iliyobonyea ilijazwa kwa dakika chache bila kisu. Baada ya miaka mafuta yale yalihama, yakafanya vinundu vigumu, ngozi ikawa nyekundu na kupasuka. Walioharakisha kushangilia walilazimika kukata walichokijaza. Ninapoona leo matangazo ya sindano za kunyanyua pua, zinazodungwa saluni, humkumbuka Gersuny.

Jibu lilikuwa ubavuni. Takriban mwaka 1900, mpasuaji wa Dresden aitwaye von Mangoldt alichukua gegedu ya ubavu wa mgonjwa akaipandikiza kwenye pua iliyobonyea. Ilikaa. Sababu yake ni tabia moja ya gegedu ambayo tishu nyingi nyingine hazina: haina mishipa ya damu. Chembe zake zimekaa mbalimbali ndani ya utomvu mgumu, zinakula kidogo, zinapokea chakula kwa kunyonya unyevu unaozizunguka. Kipande cha nyama ukikitenga na damu kinaoza. Gegedu inasubiri. Ukiiweka mahali pasipo na uchafu, penye tishu hai kuizunguka, itaendelea kuishi maisha yake ya ufukara kana kwamba haikuhamishwa.

Kisha ikaja vita ya 1914. Mahandaki yalilinda mwili na kuacha kichwa nje, na vipande vya makombora vikafanya kazi ambayo Kadu Makrani asingeimaliza katika maisha mia. Harold Gillies, daktari wa masikio na koo mzaliwa wa Dunedin, New Zealand, alipewa wodi Aldershot mwaka 1916, na vita ya Somme ilipoanza Julai mwaka huo akaletewa majeruhi wapatao 2,000. Mwaka 1917 hospitali maalumu ikafunguliwa Sidcup, nje ya London. Wodini vioo vilipigwa marufuku. Barabarani kuelekea mjini mabenchi kadhaa yalipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayeketi hapo ana uso wa kushtua na wajiandae. Wajihi tena.

Luteni William Spreckley aliharibiwa katikati ya uso Januari 1917, na akaangukia mikononi mwa Gillies. Gillies alichonga kipande cha gegedu ya ubavu kwa umbo la mshale, akakizika chini ya ngozi ya paji la uso, akakiacha huko miezi sita kishike. Baadaye akaikata ngozi ile pamoja na gegedu iliyomo ndani yake akaishusha puani, ukuta na fito kwa mara moja. Matokeo yalikuwa kichekesho. Pua ilivimba ikawa kama pua ya mhanga, na Gillies mwenyewe alikiri baadaye kwamba wenzake waliangua kicheko na yeye nusura akate tamaa. Akasubiri, uvimbe ukanywea, akapunguza hapa na pale. Spreckley alitoka hospitalini Oktoba 1920 na pua ambayo usingegeuka kuitazama mara ya pili. Kipimo changu cha pua nzuri ni hicho.

Sidcup ilikuwa na pesa za serikali, lakini mengi yaliyobuniwa pale yalitokana na uhaba. Mgonjwa asiye na pua wala taya huwezi kumfunika barakoa ya etha; basi Ivan Magill na mwenzake Rowbotham wakajifunza kupitisha mpira hadi kwenye bomba la pumzi, na kila chumba cha upasuaji duniani sasa kinafanya hivyo.

Gegedu nayo ilikuwa na kiburi chake. Daktari alichonga fimbo iliyonyooka kama rula, akaipandikiza, na miezi michache baadaye pua ikapinda kama jembe. Thomas Gibson na W. B. Davis wa Glasgow walilieleza jambo hili mwaka 1958. Ubavu una mvutano ndani yake: tabaka la nje linavuta, la ndani linazuia, na vikilingana ubavu unatulia. Ukichonga upande mmoja tu umevunja mapatano. Seremala yeyote aliyewahi kuranda ubao mbichi upande mmoja anaijua tabia hiyo. Dawa yake ni kuchonga kutoka kwenye kiini kwa kulinganisha pande zote, kisha kukitumbukiza kipande katika maji ya chumvi kwa nusu saa na kukitazama. Kama kina nia ya kupinda, kitaanza humo.

Noshir Antia, Mparsi aliyejifunza kwa Gillies Uingereza, aliporudi India alianza kuwatibu wenye ukoma huko Kondhwa, pembezoni mwa Pune ileile ya mfyatua matofali. Kisha akajenga idara ya upasuaji wa kurekebisha maumbile katika hospitali ya J. J. mjini Bombay, na humo nako akawaingiza watu ambao hospitali nyingi zisingekubali wavuke kizingiti. Bakteria wa ukoma hupenda mahali penye baridi, na ndani ya pua kuna baridi. Wanatafuna ukuta unaogawa mianzi miwili mpaka pua inazama. Mtu alikuwa amekunywa dawa, damu yake imetakasika, hawezi kumwambukiza yeyote. Lakini pua yake ilikuwa bado inatangaza. Tofauti na Cowasjee, ngozi yake ya nje ilikuwepo yote, imekunjamana kama hema lililong'olewa mlingoti. Kwa hiyo paji la uso liliachwa salama. Antia alifuata njia ya Gillies ya kuingia kwa ndani, kuachanisha makovu, kutandika bitana mpya ya ngozi nyembamba ya mwili, na kurudisha mlingoti baadaye. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo alihamishia nguvu zake kwenye kuwafundisha wanawake wa vijijini kuhudumia afya za majirani zao.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii ilifika kwa ndege. Archibald McIndoe, jamaa ya Gillies na mzaliwa wa Dunedin vilevile, ndiye aliyewatengeneza nyuso marubani walioungua katika vita ya pili, kwenye hospitali ya East Grinstead. Alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwanafunzi wake Michael Wood aliishi Kenya na alikuwa rubani pia. Wa tatu wao alikuwa Tom Rees, Mmarekani wa New York aliyejulikana kwa kuwachongea pua matajiri. Watatu hao waliuona umbali kati ya mgonjwa wa Turkana au Umasai na meza ya upasuaji ya Nairobi, na mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wa angani ambayo leo inaitwa Amref Health Africa. Wood alirusha ndege ndogo mwenyewe, akitua kwenye viwanja vya majani vya hospitali za misheni, akapasua alichokikuta: midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, shingo zilizogandana na kifua kwa kuungua, nyuso zilizotafunwa na fisi.

Orodha ya wanaopoteza pua katika eneo letu imebadilika kidogo tu. Wapo walioangukia motoni wakati wa kifafa, waliong'atwa katika ugomvi wa kilabuni, waliokatwa panga, walioanguka na bodaboda bila kofia. Kaskazini mwa Uganda, waasi wa Lord's Resistance Army waliwakata raia pua, midomo na masikio, na kwa jambo hilo walikuwa ndugu wa watu wa Tipu. Nchini Tanzania wapo watu wenye ualbino ambao jua limewaletea saratani katikati ya uso, na hapo daktari hukata kwanza uhai usipotee, kisha huanza kufikiria pua.

Halafu ipo noma. Mitaani kwetu noma ni balaa, jambo la kukaa nalo mbali, na anayesikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza hudhani anataniwa. Ni neno la Kiyunani lenye maana ya kulisha, kama mnyama anavyolisha majani. Huanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, na kwa siku chache tu hutafuna shavu, mdomo na pua. Dawa za kawaida za kuua bakteria, zikiwahi, huusimamisha. Usipotibiwa, unaua hadi watoto tisa katika kila kumi. Huko Ulaya ulitokomea pale watu walipoanza kushiba, ukarudi ndani ya kambi za mateso za Wanazi. Huko Sokoto, Nigeria, iko hospitali ya noma tangu 1999, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Waliopona huja na shimo, na daktari huwaambia wasubiri, miezi sita au mwaka, makovu yatulie kwanza.

Tuingie sasa kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali isiyo tajiri, popote kati ya Moshi na Sokoto. Chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, kinafundisha kazi hii, kwa hiyo anayeshika kisu si lazima awe mgeni aliyekuja kwa wiki mbili. Kama pengo ni dogo, daktari hufungua nyuma ya sikio kwa sindano ya ganzi tu na kuchukua gegedu ya bakuli la sikio. Ina mzingo ambao tundu la pua linautaka, na sikio halibadiliki sura. Kama pua yote imekwenda, sikio halitoshi. Hufungua kifua upande wa kulia, mbali na moyo, kwenye ubavu wa sita au wa saba.

Hatari iko chini ya ubavu, ambako utando wa mapafu ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Kipande kikishatoka, shimo hujazwa maji ya chumvi, na mtu wa usingizi hubana mfuko wake mapafu yajae, huku wenzake wakitazama kama mapovu yatapanda. Aliyewahi kusimama kwa fundi wa pancha na kuona tyubu ikizamishwa kwenye karai anajua wanatafuta nini. Mashine ya mabilioni haihitajiki.

Kwa ajili ya kupima pua, daktari hutafuta kitu chepesi kinachokunjika na kukaa kilivyokunjwa. Uzi wa kushonea huja ndani ya pakiti ya karatasi ya bati, na karatasi hiyo, baada ya uzi kutolewa, bado ni safi. Huikandamiza usoni, huikata kwa mkasi, huitandaza juu ya paji. Zamani lilikuwa jani, kisha nta. Ngozi huchorwa, hukatwa, hupinduliwa ikining'inia kwenye ukanda wa kati ya nyusi wenye mshipa wake wa damu, hufunika fito za gegedu zilizokwisha kufungwa kwa nyuzi, na mianzi hutiwa vipande vya mpira wa kupumulia vilivyokatwa. Kidonda cha juu ya paji kikiwa kipana mno kufungika, huachwa kijazie chenyewe taratibu. Wiki ya tatu ukanda hukatwa. Wataalamu wengi siku hizi huongeza hatua moja katikati, ya kupunguza unene, lakini hesabu ya siku haiko mbali na ile ya Pune.

Wiki hizo tatu ndizo ghali. Kitanda kinahitajika na mgonjwa mwingine, shamba linaota magugu, ndugu anayeleta uji ameishiwa nauli. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, atapanda basi akiwa na mkonga wa ngozi unaotoka kwenye paji na kupita kati ya macho, na abiria watahama kiti. Wapo wasiorudi kukatwa ukanda. Vitabu vya Ulaya na Marekani huitaja njia ya hatua tatu kwa wepesi sana, kana kwamba kila mgonjwa anaishi mtaa wa pili.



Na kwa kuwa mgonjwa lazima arudi, na kwa kuwa pua ya kwanza mara nyingi hutaka marekebisho, daktari mwenye kuona mbali huchukua ubavu mrefu kuliko anaouhitaji siku hiyo. Kipande kinachobaki hakipelekwi kwenye jokofu. Umeme hukatika, na lebo hubanduka. Kabla ya kufunga kifua, hukichomeka chini ya ngozi, pembeni ya kile kidonda, na kukishonea humo. Mgonjwa huonyeshwa mahali kilipo, apapase kwa kidole. Anaondoka nacho, analima nacho, analala ubavu wa pili usiku, na siku akirudi, hata kama ni baada ya mavuno mawili, daktari hufungua kovu lilelile na kukikuta.